Huyu Lenshina wa Zambia alikuwa nani hasa? Mjomba wangu anamwita mama jina hilo kama tusi

MpwaWaKitangari
Wakuu, habari za Jumapili.

Nina mjomba, kaka mkubwa wa mama, yupo Kitangari, umri umeshaenda. Ujana wake wote ameumalizia barabarani, kwanza utingo kisha dereva, Dar–Tunduma–Ndola, enzi zile Zambia inapitishia shaba yake kwetu baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia mwaka 1965. Mzee huyu mama akimkera humwita "Lenshina". Mama akilisikia neno hilo anakunja uso, anaingia zake ndani. Utotoni nilidhani ni tusi la Kibemba.

Juzi kwenye arobaini nikamuuliza, akanijibu "kamuulize Kaunda". Kaunda alishafariki tangu 2021. Nikaanza kusomasoma, nikakuta ni mwanamke wa Chinsali, Alice Lenshina, mwanzilishi wa kanisa la Lumpa. Watu zaidi ya 700 walikufa mwaka 1964 kwenye vita vya kanisa lake na serikali, na nchi ilikuwa imebakiza miezi mitatu tu ipate uhuru.

Kwa nilivyoelewa mimi, kosa lao lilikuwa moja: walikataa kununua kadi ya chama. Nipo sahihi? Na mama yangu anaingiaje hapo?

Mchuuzi wa Pweza
Nakaa siti ya mbele. Nina ming'oko ya kuchemsha, atakayechangia vizuri nampa.

Tandahimba Yetu
Lenshina si yule aliyenyongwa na Waingereza? Kama Kinjikitile wetu wa Vita vya Majimaji, alinyongwa vita vilipoisha.

Mikindani Kale
@Tandahimba Yetu makosa mawili kwenye mstari mmoja, mkuu. Lenshina hakunyongwa. Alijisalimisha Agosti 1964, akawekwa kizuizini miaka, akaachiwa 1975, akafariki Desemba 1978 akiwa Lusaka chini ya ulinzi. Na Kinjikitile hakungoja vita viishe. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya moto kuwaka Umatumbi. Vita viliendelea bila yeye mpaka 1907.

Tandahimba Yetu
Nimekubali yaishe. Historia nilifundishwa na mwalimu wa hesabu.

Mwalimu Mstaafu Masasi
Kijana, uliyosoma si uongo ila umeanzia mwisho. Anza 1953.

Huyu mama jina lake la kuzaliwa ni Mulenga Lubusha, kijiji cha Kasomo, wilaya ya Chinsali. Jirani yao palikuwa na misheni ya Lubwa ya Waskoti, ileile aliyoifungua David Kaunda, baba yake Kenneth, Mnyasa aliyetumwa kuhubiri kwa Wabemba. Kenneth kazaliwa hapohapo Lubwa mwaka 1924. Kwa hiyo unaposema "Kaunda na Lenshina" unazungumzia watu wa mtaa mmoja.

Septemba 1953 aliumwa, akazimia, watu wakasema amekufa. Alipozinduka akaeleza kwamba amekutana na Yesu, akaambiwa arudi awafundishe watu. Akaenda Lubwa kumsimulia mchungaji. Mchungaji hakumfukuza, alimsikiliza, akafundishwa na kubatizwa Alice. Mwanzoni hakuwa na nia ya kuanzisha kanisa. Alikuwa Mpresbiteri mwenye ushuhuda.

Ugomvi na misheni ulikuja baada ya hapo, watu walipoanza kumiminika Kasomo wakiwa wameshika hirizi na pembe zao wazisalimishe kwake, huku ibada za Jumapili Lubwa zikipungua watu. Yeye akaanza kubatiza mwenyewe. Hiyo ndiyo sakramenti pekee Lumpa walikuwa nayo, ubatizo, na mbatizaji ni yeye tu. Meza ya Bwana hakuna. Kwa mchungaji yeyote aliyesoma, hapo mstari umeshavukwa.

Ndanda Boy
Ahsante mwalimu. Na "Lenshina" maana yake nini?

Mwalimu Mstaafu Masasi
Regina, yaani malkia. Ulimi wa Kibemba uliigeuza. Na Lumpa ni kupita vyote, kuwa bora kuliko vingine. Ukijiita hivyo majirani hawawezi kukupenda.

Binti Mmakua
Bibi yangu alibatizwa Scholastica, kijiji kizima kikamwita Sikola mpaka anazikwa. Padri ndiye pekee aliyekuwa akilitamka lote.

Korosho Ghafi
Tuache majina. Mleta mada kauliza kuhusu kadi. Mimi nasema KADI NDIYO SABABU, full stop. UNIP, chama cha Kaunda, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Huna kadi hupandi basi, huendi sokoni. Lenshina akawaambia watu wake siasa ni mambo ya dunia, msishike kadi. Vijana wa chama wakachoma makanisa na nyumba za Lumpa, Lumpa nao wakajibu mapigo. Serikali ikachukua upande wa chama chake. Mambo mepesi kabisa, mnayatia maneno mengi.

Mikindani Kale
Si mepesi hivyo. Miaka ya hamsini mwishoni wafuasi wa Lumpa na watu wa chama walikuwa wamoja tu, wote hawampendi mkoloni, na nyimbo zao zilisikika mikutanoni. Robert, kaka yake Kaunda, alikuwa Lumpa. Ugomvi ulikuja baadaye, kila upande ulipotaka mtu awe wake mzima, nafsi na mwili. Swali ni hilo: ilikuwaje waliokuwa wamoja wakafarakana? Kadi peke yake haijibu.

Korosho Ghafi
Inajibu. Kabla ya 1960 kadi haikuwa na nguvu. Chama kilipokaribia kushika dola ikawa na nguvu.

Sauti ya Nyangao
Naomba niingilie. Mmesahau vijiji. Wafuasi walihama kwenye vijiji vya machifu wakajenga vyao, bila ruhusa ya chifu Nkula wala ya boma. Walipoanza kushambuliwa wakavizungushia ngome za miti. Serikali ya Kaunda (alikuwa Waziri Mkuu tangu Januari 1964, lakini gavana Mwingereza, Hone, bado yupo) ikawapa siku: vunjeni vijiji, rudini mlikotoka. Hawakurudi. Mwezi Julai polisi walipokwenda kwenye kijiji kimoja wakauawa, akiwemo inspekta Mzungu. Tarehe 30 jeshi likaingia Sioni, makao makuu, penye lile kanisa lao kubwa.

Sasa wewe wa Kitangari jiulize: sisi 1974 tulibebwa kwenye malori kupelekwa vijijini, Wabemba wale walilazimishwa kutoka vijijini. Hakuna serikali inayopenda watu wachague wenyewe pa kukaa.

Tandahimba Yetu
Babu yangu alihamishwa akaacha mikorosho 60 imeanza kuzaa. Hadi anafariki alikuwa akiihesabu.

Mchuuzi wa Pweza
@Sauti ya Nyangao umepata ming'oko. Njoo Chikongola sokoni uchukue.

Shangani Pwani
Mnazunguka. Hakuna aliyetaja risasi kuwa maji?

Taarifa za wakati ule zinasema wapiganaji wa Lumpa walikimbilia bunduki wakipiga kelele "Yeriko!", wakiamini risasi zitageuka maji. Mtu wa Lindi au Mtwara akisikia hayo lazima nywele zisimame. Miaka 59 baada ya maji ya Kinjikitile, kilomita mia kadhaa upande wa magharibi, kabila jingine, dini nyingine, na mwisho ni uleule. Kwangu hii ndiyo siri ya jambo lote: ni mila ya zamani iliyovaa kanzu ya Kikristo. Yeriko limetoka kwenye Biblia, maji yametoka kwa mababu.

Mikindani Kale
Hapo ndipo nasitasita. Nani aliyesema waliamini risasi ni maji? Askari waliowapiga na magazeti yaliyowaunga mkono. Maiti hawakuulizwa. Ukishamuua mtu mwenye mkuki kwa bunduki ya rashasha, ni rahisi sana kusema alikuwa amerogwa, asingekimbia kuelekea kwako vinginevyo. Sisemi hawakupiga kelele za Yeriko, nasema mtu anaweza kulia "Yeriko" kwa sababu tu kuta anazotaka zianguke ziko mbele yake.

Hata kwetu, kuna mabwana walioandika kana kwamba mababu walikuwa watoto waliodanganyika na maji, wakasahau pamba za kulimishwa kwa viboko.

Shangani Pwani
Lakini kwetu maji YALIKUWEPO, mkuu. Watu walikunywa, walipakwa. Huwezi kuyafuta kwa sababu Mjerumani aliyaandika.

Mikindani Kale
Sijayafuta.

Shangani Pwani
Umeyaloanisha kidogo.

Ndanda Boy
😂😂😂 Huo uzi umeanza kunoga.

Sauti ya Nyangao
Kwetu Nyangao, 1905, misheni ilichomwa moto na sista mmoja akafa. Askofu Spiss naye aliuawa njiani huko upande wa Liwale mwezi huohuo wa Agosti. Nimekua nikipita penye makaburi hayo nikienda shule. Kwa hiyo nikisikia "mila dhidi ya Ukristo" napata shida, maana Lenshina hakuchoma Ukristo, yeye aliutaka kuliko wamisheni wenyewe. Alikataza ndoa za wake wengi, alikataza mjane kurithiwa, pombe, ngoma, ulozi. Mwambie hayo katekista wa Nyangao atakuambia huyo ni mwenzetu.

Katekista wa Chuno
Nimeitwa? Sakramenti moja tu na mbatizaji mmoja tu, huyo si mwenzetu. Tuendelee.

Binti Mmakua
Wanaume mmejaa humu mpaka mmeacha lililo wazi. Wabemba ukoo unafuata mama, kama sisi Wamakua, Wamakonde, Wamwera na Wayao. Kwao mwanamke kusimama na kusema "nimetumwa" si ajabu. Wamisheni walileta kanisa ambalo mwanamke anafagia na kuimba tu. Lenshina kalitoa fagio mkononi mwao.

Na nyimbo! Hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Lubwa walikuwa wakiimba tenzi za Kiskoti zilizotiwa maneno ya Kibemba, sauti inapanda mahali neno linaposhuka. Yeye alitunga kwa mahadhi ya kwao. Mtu asiyejua kusoma anatoka pale na mahubiri mazima kichwani. Mama yangu mdogo alikuwa kwaya Masasi, anasema wimbo wa kizungu huimbwa kwa koo, wa kwetu huimbwa kwa kiuno.

Katekista wa Chuno
Kiuno kanisani ndiyo tunachokikataza.

Binti Mmakua
Ndiyo maana viti vya mbele viko wazi, katekista.

Korosho Ghafi
Dada, nakubali nyimbo ziliwaleta watu. Lakini hazikuwaua. Na alikuwa na mumewe Petros pembeni, na wanaume wakiendesha vijiji. Usimfanye malkia peke yake.

Binti Mmakua
Kwani malkia huwa hana wanaume wa kuendesha vijiji?

Mwalimu Mstaafu Masasi
Niongeze jambo la hapa nyumbani, kwa sababu linatoa mwanga. Dayosisi ya Masasi ilipata askofu wake wa kwanza 1926, Vincent Lucas. Yeye aliona vijana waliobatizwa bado wanakwenda jandoni kwa siri. Badala ya kuwafukuza, akafanya jando la Kikristo: makungwi waumini, padri yupo, sala zimeingizwa, yasiyofaa yametolewa. Unyago nao ukajaribiwa. Wenzake wengine walimshangaa. Lakini Masasi haikupata Lenshina wake. Mimi naamini kanisa lililokunja goti kidogo ndilo halikupasuka. Lubwa ilisimama wima mno.

Mikindani Kale
Mwalimu, mpe Lucas haki yake, lakini mapadri Waafrika wa Masasi ndio waliokuwa wakisukuma jambo hilo, yeye alilipa kibali na maandishi. Wapo waliolianza kabla yeye hajavaa uaskofu.

Mwalimu Mstaafu Masasi
Sawa kabisa, na nilipaswa kuanza nao.

Tandahimba Yetu
Mimi niliingizwa jando la padri. Maumivu yalikuwa ya kienyeji yaleyale.

Mchuuzi wa Pweza
😂 Tandahimba huna aibu.

Dereva wa Nakonde
Nimesoma yote. Mimi njia hiyo naipita mpaka leo. Ukitoka Nakonde unapita Isoka, halafu kuna njia ya kuingia Chinsali, mji wenyewe uko pembeni ya barabara kuu. Usiku mmoja gari ilitukatikia propela shafti karibu na hapo, tukakaa siku mbili. Mzee aliyetuuzia mihogo aliniambia kaka yake alikimbilia Kongo, upande wa Mokambo, akakaa huko miaka. Maelfu walikimbilia Katanga wakaogopa kurudi. Nikamuuliza nani alikosea, akasema "wote tulikuwa tunaoana". Maana yake sikuipata vizuri. Nadhani alitaka kusema waliochinjana walikuwa mashemeji.

Sauti ya Nyangao
Hiyo ni kauli ya uzi mzima.

Korosho Ghafi
Na hali ya hatari iliyotangazwa Julai 1964 kwa sababu ya Lumpa haikuondolewa. Kaunda aliikuta, akaitunza mpaka anatoka madarakani 1991. Miaka 27! Mkisema dini, mila, nyimbo, sawa. Aliyefaidika ni nani? Dola ilipata fimbo ya kuwachapia wapinzani wengine wote. Narudi kwenye kadi yangu.

Shangani Pwani
Kufaidika na jambo si kulisababisha. Mimi nafaidika na mvua, sijaileta.

Korosho Ghafi
Wewe unauza miamvuli?

Ndanda Boy
Nina swali. Kimbangu wa Kongo naye alikuwa hivihivi, mbona yeye watu hawakuuana?

Mikindani Kale
Swali zuri. Simon Kimbangu alikuwa katekista wa Wabaptisti, alianza kuponya Nkamba Aprili 1921, akahudumu miezi michache tu. Wabelgiji wakamhukumu kifo Oktoba mwaka huohuo, mfalme Albert akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 na kufia Lubumbashi Oktoba 1951. Hakuinua hata fimbo. Kanisa lake likaishi mafichoni, likatambuliwa Desemba 1959, na 1969 likaingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Lenshina alikuwa huru na watu wake wakati dola mpya inazaliwa, Kimbangu alikuwa kafungwa mbali na watu wake. Labda gereza ndilo lililoliokoa kanisa la Kimbangu, ingawa ni maneno mabaya kuyaandika.

Katekista wa Chuno
Na wafuasi wa Kimbangu sasa wanafundisha kwamba yeye ni Roho Mtakatifu. Tusimsifie sana.

Binti Mmakua
Katekista kila akiingia anafunga dirisha.

Likong'o Juu
Mimi ni wa Lindi, nasoma kimya muda mrefu. Mama yangu mkubwa, miaka mitatu iliyopita, alikwenda kwa nabii mmoja (simtaji, wala mji siutaji) aliyekuwa anauza maji ya upako kwa chupa. Aliacha dawa za presha. Tulimzika mwezi wa nne. Kwa hiyo mnapojadili kwa kicheko, kumbukeni kuna watu wanasoma wakiwa na maiti moyoni. Sijui Lenshina aliuza nini. Nataka kujua hilo tu: aliuza?

Mwalimu Mstaafu Masasi
Pole sana, dada au kaka. Mungu amrehemu mama.

Kwa ninavyojua mimi, walichokitoa kwake ni kazi na vyakula zaidi, wakijenga lile kanisa la Sioni kwa mikono yao, likakamilika 1958. Utajiri mkubwa sijausikia. Lakini aliwaambia watu ulozi wao umekwisha wakimkabidhi vitu vyao, na aliyekataa kukabidhi akabaki anaonekana mchawi. Hiyo pia ina bei.

Likong'o Juu
Ahsante mwalimu.

Shangani Pwani
Pole ndugu yangu wa Likong'o.

Dereva wa Nakonde
Lile kanisa walilibomoa baadaye. Lakini yeye amezikwa kwao Kasomo.

MpwaWaKitangari
Wakuu, nimerudi. Nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimesoma uzi huu wote kwa sauti mbele ya mjomba, mtandao Kitangari ukikatika nangoja unarudi. Alisikiliza kimya mpaka kwenye Yeriko, akatikisa kichwa. Kwenye ile ya "wote tulikuwa tunaoana" akasema huyo mzee wa mihogo anasema kweli.

Halafu nikamuuliza, sasa mjomba, mama amekosa nini mpaka umwite hivyo?

Akasema mwaka 1986 alikuja likizo na dumu la lita 20 la uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake, amelileta kwa ajili ya marafiki zake. Mama ndiyo kwanza ameokoka. Usiku akalimwaga lote chini ya mkorosho. Mjomba anasema njiani Chinsali alikuwa akikutana na mabibi wa zamani wa Lumpa, ukiwapa pombe wanaigeuza chini bila kukutazama usoni, na mama alipomwaga alikuwa na macho yaleyale.

Mama yuko jikoni anasikia. Amesema atalimwaga tena.

Korosho Ghafi
Kwa hiyo uzi mzima, kurasa zote hizi, Kaunda, Kinjikitile, Wabelgiji, ni kwa ajili ya dumu la uraka?

MpwaWaKitangari
Lita 20, mkuu. Anazikumbuka.

Tandahimba Yetu
Mjomba ana haki zake. Babu yangu na mikorosho 60, yeye na lita 20.

Binti Mmakua
Mwambie mama namsalimia sana.

Mchuuzi wa Pweza
Na huo mkorosho uliomwagiwa, bado unazaa?

MpwaWaKitangari
Ndio unaozaa kuliko yote. Mjomba ndiye anayeuokotea.